Sura ya Tano: Cherehani ya Nyanya Ina Miaka Mingapi?

Kondele, mtaa wa Kisumu, haitupi nguo mapema. Suruali ya mitumba iliyonunuliwa sokoni Kibuye Jumapili hupunguzwa kiuno Jumatatu. Sare ya shule hufumuliwa upindo mtoto akirefuka, kisha hushuka kwa mdogo wake. Kitenge cha harusi hukatwa, huvaliwa, na baada ya miaka michache hurudi kwa fundi kiongezwe upana. Kazi hizo zote hupita chini ya sindano, na sindano nyingi bado zimeshikwa na vichwa vya chuma cheusi, vizito, vyenye maandishi ya dhahabu yaliyofifia kwa kuguswa. Mwulize mwenye cherehani kama hiyo ni ya mwaka gani, atakwambia ni ya zamani sana, ya wakati wa mkoloni. Mwulize bei, naye atakutazama kwanza ajue wewe ni nani.

Sura hii inajibu maswali hayo mawili, kwa sababu familia nyingi za Kisumu zimerithi cherehani bila kurithi maelezo yake, na anayemiliki kitu asichokielewa hudhulumiwa kwa urahisi. Hoja yangu ni hii: umri wa cherehani umeandikwa kwenye chuma, na yeyote anaweza kuusoma. Thamani yake haitokani na umri huo. Hutokana na kazi ambayo mashine bado inaweza kufanya, na habari za watu walioitumia.

Ilivyofika ziwani

Reli kutoka Mombasa ilifika ufukweni mwa ziwa mwezi Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, Kisumu ya leo. Kabla ya hapo mzigo wa chuma ulipaswa kubebwa vichwani kutoka pwani. Baada ya hapo ulishushwa kwenye behewa, ukaingia dukani. Wafanyabiashara wa Kihindi walifungua maduka yao kando ya reli na bandari, wakauza vitambaa vya pamba kwa yadi, na barazani mbele ya maduka wakakaa mafundi. Mteja alichagua kitambaa ndani, akapimwa nje, akarudi jioni kuchukua nguo. Shule za misheni ziliongeza haja ya kaptura, mashati na magauni. Maseno, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1906. Kwa hiyo cherehani ilipanda kutoka ziwani kwenda vijijini kwa njia ileile zilimopita daftari na sabuni.

Nyingi kati ya hizo zilikuwa za Singer. Isaac Merritt Singer alipata hataza yake Marekani mwaka 1851, lakini kampuni ilitajirika kwa akili ya mshirika wake, mwanasheria Edward Clark, ambaye mwaka 1856 alianza kuwauzia wateja kwa kulipa kidogo kidogo. Kiwanda kilichohudumia himaya ya Uingereza kilijengwa Clydebank, Uskoti, katika miaka ya 1880, mtaa wa Kilbowie. Mwaka 1913 kiwanda hicho kimoja kilitoa zaidi ya cherehani milioni moja. Mpaka leo kituo cha treni cha mji huo kinaitwa Singer, ingawa kiwanda kilifungwa mwaka 1980.

Weka hesabu hiyo akilini, kwa maana itakuja kutusaidia kwenye suala la bei. Kitu kilichotengenezwa kwa mamilioni hakiwi adimu kwa sababu tu kimezeeka.

Namba iliyo kulia

Chukua kitambaa laini na mafuta ya taa kidogo. Kaa mbele ya cherehani kama unayetaka kushona, sindano ikiwa kushoto kwako na gurudumu la mkono kulia. Tazama kitako cha mashine upande wa kulia, chini ya nguzo. Utaona kipande kidogo cha chuma kilichoinuka, mara nyingi kimejaa vumbi na mafuta yaliyoganda. Sugua taratibu, usikwaruze. Namba itajitokeza.

Kama ni tarakimu tupu zisizo na herufi, Singer hiyo ni ya kabla ya mwaka 1900. Kuanzia mwaka huo kampuni iliweka herufi mbele ya namba, na herufi hiyo hutaja kiwanda na kipindi. F ni Clydebank, kuanzia mwaka 1910. Y pia ni Clydebank, ya miaka ya 1920 hadi katikati ya miaka ya 1930. Herufi zilipoanza kwisha, Clydebank ikatumia mbili mbili zinazoanza na E: EA inaanza katikati ya miaka ya 1930, EE inaangukia miaka michache baada ya Vita ya Pili ya Dunia, na EK, EL na EM ni za miaka ya katikati ya 1950. G ni ya kiwanda cha Elizabeth, New Jersey, nayo ilianza mwaka 1910. Orodha kamili za namba zimehifadhiwa na wapenzi wa mashine hizi na zinapatikana bure. Ukiwa na herufi na tarakimu zote, unaweza kufika hadi mwaka mmoja, wakati mwingine hadi mwezi.

Namba hizo zilitengwa kwa mafungu. Fungu la maelfu liliandikwa daftarini siku moja, kisha mashine zikaundwa wiki au miezi iliyofuata. Halafu zikasafiri kwa meli, zikakaa ghalani Mombasa, zikapanda treni, zikasubiri mteja dukani. Namba inakwambia mashine ilizaliwa lini. Haikwambii iliingia lini nyumbani kwenu. Cherehani ya mwaka 1938 inaweza kuwa ilinunuliwa mpya Kisumu mwaka 1940, au ikanunuliwa kuukuu mwaka 1965 kutoka kwa fundi aliyekuwa akihama. Tofauti hiyo ya miaka 25 ni historia ya familia, na haimo kwenye orodha ya kampuni yoyote.

Kama namba imesagika, soma dalili nyingine. Sahani ya Singer iliyopigiliwa kwenye nguzo ikiwa na ukingo wa buluu na miaka 1851 na 1951, mashine hiyo ilitolewa kuadhimisha karne moja ya kampuni. Vyuma vyenye mng'aro wa kijivu laini ni vya nikeli, vya zamani zaidi. Mng'aro mkali wa bati jipya ni wa kromu, na uliingia kwa wingi katika miaka ya 1930. Mashine zilizotengenezwa wakati wa Vita ya Pili ya Dunia ni chache, kwa sababu kiwanda cha Clydebank kiligeuziwa kazi za silaha, na mwezi Machi 1941 mji wenyewe ulishambuliwa kwa mabomu. Picha za dhahabu nazo husaidia: vichwa vya mwanzoni mwa karne ya 20 vilipambwa kwa maua, mizabibu au alama za Misri ya kale, na mapambo yakawa mepesi kadiri miaka ilivyosonga. Kisumu, hata hivyo, joto na unyevu wa ziwa hula rangi na nikeli haraka. Mashine iliyochakaa sura inaweza kuwa changa kuliko ile inayong'aa iliyofunikwa kwa kitambaa miaka yote.

Kichwa na miguu si lazima viwe ndugu

Cherehani ya miguu ni vitu viwili: kichwa kinachoshona, na miguu ya chuma yenye pedali na mkanda. Vyote viwili hutenganishwa kwa kufungua bawaba mbili. Kwa hiyo jina SINGER lililosubiwa kwenye miguu halithibitishi kwamba kichwa ni cha Singer, na sahani ya shaba inaweza kung'olewa hapa ikapigiliwa pale.

Vichwa vingi vyeusi unavyoviona Kondele vilitengenezwa Shanghai au India. Butterfly ya China na Usha ya India zimefuata muundo uleule wa Singer wa daraja la 15, ambao asili yake ni mashine ya mwaka 1879. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia viwanda vya Japani navyo viliunda mashine nyingi kwa mfano huo. Daraja la 15 utalitambua hivi: kisahani cha kukaza uzi kiko ubavuni kushoto, upande wa sindano, na bobini huingizwa kutoka kushoto, chini ya kitako. Ukiona kikaza uzi kiko mbele na bobini inawekwa kutoka juu, hilo ni kabila lingine, kama 66 au 99. Ukifungua vibamba viwili vya chuma na kukuta kidude kirefu chenye umbo la risasi kinachokwenda mbele na nyuma, umepata daraja la 27 au 28, ambalo kwa kawaida ni kuukuu zaidi. Na ukiona herufi K baada ya namba ya aina, kama 15K au 201K, K hiyo ni ya Kilbowie, yaani Clydebank.

Kunakili huku kuna faida kubwa kwa fundi. Kwa kuwa dunia nzima iliiga daraja la 15, sindano, bobini na vipuri vyake bado vinatengenezwa. Singer ya Clydebank ya miaka ya 1920 ikivunjika kikasha cha bobini, cha Kichina kinaweza kuingia. Lakini 28 ikipoteza kile kidude chake, mwenyewe atazunguka sokoni mpaka achoke. Mashine kuukuu zaidi inaweza hivyo kuwa na thamani ndogo zaidi kwa anayeishi kwa kushona.

Zebaki nyekundu na watu wa haraka

Mwezi Aprili 2009, Saudi Arabia ilikumbwa na uvumi kwamba cherehani za zamani za Singer zina zebaki nyekundu ndani yake. Watu walidai dutu hiyo husaidia kupata hazina, kutoa majini, hata kutengeneza silaha za nyuklia. Bei zilitajwa kufikia riyali 200,000 kwa mashine moja. Jaribio lililotumika lilikuwa kuweka simu karibu na sindano: simu ikikatika, basi zebaki ipo. Maduka ya washonaji yalivunjwa, na mamlaka zikalazimika kueleza kwamba jambo hilo ni uongo.

Nalieleza kwa urefu kwa sababu uongo wa aina hii hausafiri na pasipoti. Cherehani ni chuma cha kusubu, chuma cha pua, nikeli na mbao. Hakuna sehemu yake inayohitaji zebaki ya rangi yoyote. Mtu akija nyumbani kwa shangazi yako akaulizia cherehani ya zamani, akagusa sindano kwa simu au kwa sumaku, akaahidi malaki na kuomba kwanza ada ya kupima au ya kibali, mpe maji anywe kisha umsindikize hadi barabarani. Mnunuzi wa kweli hutazama namba, huzungusha gurudumu, na hulipa kabla ya kubeba.

Kuna pia wanaodai kwamba kitu cha mkoloni ni mali ya kale kisheria, hivyo kinaweza kuuzwa ghali au kuchukuliwa na serikali. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inaweka mstari kwa vitu vya kuhamishika vilivyotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Cherehani nyingi sana za kando ya ziwa zimekuja baada ya mstari huo, kwa hiyo ni mali ya kawaida ya mwenye nayo.

Bei tatu

Cherehani moja ina bei tatu, na mgogoro wa familia hutokea pale ndugu watatu wanapoongelea kila mmoja bei yake wakidhani wanaongelea kitu kimoja.

Ya kwanza ni bei ya mkusanyaji. Huyu hutafuta kilicho adimu: mashine za miaka ya 1850 na 1860, aina za viwanda vilivyokufa mapema, au Singer 221 ndogo ya alumini iliyotoka mwaka 1933, ambayo ina uzito wa karibu kilo 5 na hukaa ndani ya sanduku lake. Ukiwa na 221 yenye sanduku na vifaa vyake, usiiuze kwa pupa. Lakini 15K, 28K au 99K ziko kwa mamilioni duniani. Mkusanyaji wa Ulaya anazipata mtaani kwake, bila kulipia usafiri wa chuma kizito kutoka Kisumu.

Ya pili ni bei ya kazi, na hii ndiyo inayotawala Kondele. Ipige hesabu. Tuseme fundi anabaki na shilingi 300 kwa siku baada ya kodi ya kibanda, uzi, sindano na mafuta, na anafanya kazi siku 6. Hiyo ni shilingi 1,800 kwa wiki, au 7,200 kwa wiki 4. Mashine ikisimama wiki 4 kwa kukosa kipuri, imemnyima fundi kiasi hicho. Basi bei halali ya cherehani ya kazi hutokana na maswali matatu: inaingiza kiasi gani, inaharibika mara ngapi, na vipuri vyake viko umbali gani. Mwaka wa kuzaliwa huingia kwenye hesabu hii kupitia swali la tatu peke yake. Singer ya mwaka 1955 inayoshona jinzi mikunjo minne bila kuruka inastahili bei nzuri kuliko ya mwaka 1905 inayokaa kabatini.

Ya tatu ni bei ya nyumbani. Kuna cherehani iliyolipa karo za watoto watano. Kuna iliyonunuliwa kwa pesa za kikundi cha akina mama, kila mmoja akisubiri zamu yake. Kuna iliyobaki baada ya mume kufariki, ikawa ndiyo iliyosimamisha nyumba. Hii haina soko, lakini ina uzito katika uamuzi. Dada mkubwa anayekataa isiuzwe ana sababu, na kaka anayetaka iuzwe ilipe deni la hospitali naye ana sababu. Wakitenganisha bei hizi tatu mezani, mazungumzo yao yatakuwa mafupi na ya heshima zaidi.

Kuipima kabla ya kutaja bei

Mpelekee mashine fundi wa kurekebisha cherehani, na uwepo akiipima. Msalimie, mweleze unataka kujua hali yake kabla ya kuuza au kununua, na mlipe kwa kazi hiyo. Atazungusha gurudumu kwa mkono, likija upande wenu. Linapaswa kwenda laini mzunguko mzima. Likikwama mahali palepale kila mara, kuna chuma kilichopinda au kutu ndani. Likiwa zito mzunguko wote, huenda ni mafuta tu: wengi hutia mafuta ya kupikia, nayo huganda yakawa gundi. Mafuta ya taa huyalainisha, kisha hutiwa mafuta halisi ya cherehani.

Atashika chuma kinachobeba sindano na kukitikisa. Kikicheza sana, kimeliwa. Atatazama meno yanayovuta kitambaa kama bado ni makali. Atauliza sindano inayotumika, maana daraja la 15 linatumia sindano za kawaida zinazouzwa kila mahali, ilhali mashine za zamani kabisa kama daraja la 12 zilitumia sindano zisizotengenezwa kwa wingi tena. Mwisho atashona vipande viwili, kimoja chembamba kama bitana na kingine cha jinzi, na atageuza nyuma aone mshono wa chini. Mshono unaofanana pande zote mbili unaongeza bei kuliko maandishi yoyote ya dhahabu.

Tafadhali usiipake rangi mpya kabla ya kuiuza. Rangi hufunika namba na mapambo, humtia shaka anayejua, na haimsaidii anayeshona.

Andika kabla wazee hawajaondoka

Nilisema thamani ina sehemu mbili: kazi, na habari za watu. Kazi hupimwa na fundi. Habari zinahitaji wewe. Kiwanda cha Clydebank kilihifadhi namba za mamilioni ya mashine, na leo kijana wa mtaa wa Manyatta anaweza kujua kwamba kichwa kilicho kwao kiliundwa Uskoti mwaka 1936. Lakini nani alikinunua, kwa pesa za pamba au samaki au mshahara wa reli? Nani alimfundisha nyanya kushona? Alishonea shule gani sare? Na kwa nini cherehani ilihama kutoka Seme kuja Kondele? Hayo hayakuandikwa na kampuni yoyote.

Kwa hiyo chukua karatasi moja. Andika namba, aina, na mwaka ulioupata. Kisha mtafute mzee aliyeiona ikifanya kazi, mwulize kwa adabu, na uandike jina la kila aliyeimiliki, mji, na mwaka kadiri anavyokumbuka, hata kama ni kwa kutaja mwaka wa mafuriko au mwaka mtoto fulani alipozaliwa. Bandika karatasi hiyo chini ya ubao wa meza ya cherehani, na nakala ubaki nayo. Ukiuza, muuzie mnunuzi pamoja na karatasi. Ukiirithisha, warithi wapate vyote viwili.

Historia ya kazi za mikono za Kisumu imeandikwa kidogo mno, na sehemu kubwa ya kumbukumbu zake iko ndani ya nyumba, kwenye vyuma hivi na vinywani mwa waliovitumia. Anayejua mwaka wa cherehani yake, hali yake, na majina ya walioiendesha hatababaishwa na mnunuzi wa haraka, hatagombana na ndugu zake juu ya kitu wasichokielewa, na atakuwa ameokoa ukurasa mmoja wa historia ambao hakuna mwingine angeweza kuuandika.